Mhakiki Asiyejibu: Serikali Inaposoma Picha Zetu

Sisi tunaoandika katika kurasa hizi tumezoea kujiita wahakiki. Mtu akisoma diwani moja na kuandika kurasa nne juu yake, tayari ni mhakiki. Lakini toka nje hapa Chanji ukamwulize mama muuza dagaa au kijana wa bodaboda maana ya neno uhakiki. Hatakutajia fani wala maudhui. Atakutajia serikali: uhakiki wa vyeti, uhakiki wa watumishi hewa, uhakiki wa laini za simu, uhakiki wa daftari la wapiga kura. Tarehe 28 Aprili 2017, Rais Magufuli alipokabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti pale Dodoma, watumishi wa umma 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Jamani, hakuna mhakiki wa fasihi wa nchi hii aliyewahi kusomwa kwa hofu namna ile.

Basi makala haya yanalichukua neno hilo kama wananchi wanavyolichukua. Serikali ni mhakiki mwenzetu, tena mkubwa. Zamani ilihakiki karatasi. Siku hizi inahakiki na picha: picha ya gari barabarani, picha ya kidole, ya uso, ya paa la nyumba, ya kifua cha mgonjwa. Mara nyingi msomaji wa kwanza wa picha hizo ni mtambo. Wataalamu wanauita uchanganuzi wa picha na video, tawi la kile ambacho wengine wanakiita akili mnemba na wengine akili unde. Wenzetu wengi wanapoandika juu ya mitambo hii ama huisifu ama huilaani. Sisi tufanye kazi tuliyofundishwa. Tuiulize kama tunavyomwuliza mhakiki wa kitabu: umesoma nini, umeonaje, na ukipingwa unajibu vipi?

Swali hilo la mwisho ndilo zito. Neno uhakiki lina mzizi mmoja wa Kiarabu na maneno hakika na haki. Walimu wetu husisitiza hakika, kwamba mhakiki atafute ukweli wa kazi. Haki wanaisahau kidogo. Lakini mwandishi aliyehakikiwa ana haki ya kusema, "Bwana, ukurasa wa 12 hukuusoma vizuri." Mhakiki asiyeweza kujibu hapo si mhakiki tena, ni mpiga ramli.

Ramli ya kioo

Ramli hatukuitaja kwa bahati mbaya. Watu wa nyanda hizi walikwisha kuhakikiwa kwa picha kabla kompyuta haijazaliwa. Mwaka 1934, ng'ambo ya mpaka katika nchi ya Wabemba, iliyoitwa wakati ule Rhodesia ya Kaskazini, mwanaanthropolojia Audrey Richards aliwaona waganga waliojulikana kama Wamchape, akaandika habari zao mwaka uliofuata. Walipanga watu wa kijiji mstari, wakawapitisha mmoja mmoja nyuma ya mgongo wa mganga. Mganga alishika kioo kidogo cha duara. Sura ya kila aliyepita ilionekana humo, na kwa kuitazama sura hiyo kiooni mganga alimtambua mchawi.

Hebu tuutazame mpango ule kama tunavyotazama tamthilia. Wahusika ni kijiji kizima, wenye tuhuma na wasio na tuhuma, wote wanapimwa. Kipo chombo kigeni kinachong'aa. Yupo fundi anayeona kile ambacho mwenye sura hakioni. Ipo hukumu, na watu wanaiamini. Kinachokosekana ni kimoja tu: mwenye sura kuoneshwa kile kioo na kuulizwa, "Wewe unaona nini hapa?"

Vuguvugu la aina hiyo lilipita Ufipa pia. Katika miaka ya 1960 liliitwa Kamchape, na Roy Willis, aliyeishi na Wafipa kwa utafiti, aliandika juu yake mwaka 1968. Sisi tunaoishi katika mji ambao jina lake husimuliwa kuwa na maana ya "tupa uchawi" tusijifanye hatujui mambo haya. Wala tusiwacheke wazee. Walikubali kupita mbele ya kioo kwa sababu walitaka amani. Walikuwa wamechoka kuogopana. Ndiyo ahadi ile ile tunayopewa leo tunapoambiwa juu ya kamera: piteni, wasio na hatia hawana cha kuogopa.

Kuna mfano mwingine mchungu zaidi, na huo hauhitaji hata kioo. Nchini mwetu ajuza wameuawa kwa sababu ya macho mekundu. Mashirika ya haki za binadamu yameandika habari hizi miaka mingi, zaidi za Usukumani lakini si huko peke yake. Bibi amepika kwa kuni miaka 50 katika jiko lisilo na dirisha. Moshi umemla macho. Anakuja msomaji, anaona wekundu, anasema: mchawi huyu. Aliona sawasawa kabisa. Macho yalikuwa mekundu kweli. Kosa lilikuwa katika hatua ya kutoka kwenye alama kwenda kwenye maana, na hatua hiyo hakuna aliyemruhusu bibi kuihoji. Ndugu msomaji, shika jambo hili, maana mtambo nao kazi yake ni hiyo hiyo: unaona alama, unatoa maana.

Tochi

Sasa tushuke barabarani. Lami ya kutoka Sumbawanga kupita Laela hadi Tunduma ilijengwa kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, katika mkataba uliotiwa saini mwaka 2008. Zamani safari ile ilikuwa ya vumbi na kulala njiani. Leo gari linakimbia, na kwa sababu linakimbia, askari wa usalama barabarani amepewa tochi. Kila dereva wa nchi hii anaijua. Si tochi ya kumulikia giza. Ni chombo cha mkononi kinachopima mwendo wa gari kutoka mbali na kupiga picha. Aliyepiga yuko huku, pengine chini ya mti. Picha inakwenda kwa WhatsApp kwa mwenzake aliye mbele, naye anasimamisha gari na kumwonesha dereva simu: gari lako hili, namba hii, saa hii, kilometa 67 mahali pa 50. Faini 30,000.

Kama ni kazi ya uhakiki, tuipe alama zake. Kwanza, inanukuu. Zamani dereva aliambiwa kwa mdomo tu, "Ulikuwa unakimbia," naye akabisha kwa mdomo, mwishowe mwenye sare akashinda. Picha ya tochi inaleta ushahidi mezani, na dereva anauona kwa macho yake. Hilo ni jambo la maana sana. Abiria wa basi la usiku ambaye amewahi kushika kiti kwa mikono miwili kwenye kona atakuwa wa kwanza kuitetea tochi, na ana haki.

Pili, lakini, picha ina mipaka yake kama kila picha. Imechukua gari na namba. Kibao cha 50 kilichofunikwa na majani hakimo. Kama kijiji kilianzia hapo au mita 200 mbele, hakimo. Mhakiki mzuri hujua kwamba sura moja ya riwaya si riwaya nzima, na hurudi kuangalia kilichotangulia. Tochi haiwezi kurudi, ila askari anaweza. Ndiyo maana swali halimhusu mtambo peke yake. Linamhusu mtu aliyeushika: ana ruhusa, na muda, na nia ya kurudi kuangalia?

Tatu, njia ya kupinga ipo. Asiyekubali kosa anaweza kwenda mahakamani. Lakini dereva ana abiria 60 nyuma yake wanaoguna, mmoja ana mgonjwa, mwingine ana samaki wa Kasanga wanaoharibika. Nani atasema, "Ngojeni jamani, naenda kujitetea"? Analipa, anaondoka. Haki ipo, ila bei yake ni kubwa kuliko faini. Tukisoma hivyo tunaona kwamba kumnyima mtu nafasi ya kujibu hakuhitaji sheria mbaya. Inatosha kujibu kuwe ghali.

Vidole vya mkulima

Wapo watakaosema: tochi ni mambo ya wenye magari, sisi wa jembe inatuhusu nini? Haya, tuje kwenye jembe.

Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019. Mwisho ulipangwa kuwa 31 Desemba, kisha Rais akaongeza siku 20 hadi 20 Januari 2020, na baada ya hapo laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Watu walisema ni suala la vidole, lakini kwa kweli ni suala la picha. Mashine inapiga picha ya michirizi ya kidole, inailinganisha na picha iliyohifadhiwa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA. Zikifanana, wewe ni wewe. Zisipofanana, rudia. Zikikataa tena, rudia.

Na zilikataa kwa nani? Si kwa karani mwenye mikono laini. Zilikataa kwa wazee, kwa mafundi wa saruji, kwa wafyatua tofali, kwa wakulima. Mtu wa Ufipa aliyeinua ntumba maisha yake yote, akifukia majani chini ya udongo ili mwakani apate mahindi na ulezi, michirizi yake imeliwa na mpini. Mashine haikudanganya. Kidole kweli hakikusomeka. Lakini angalia maana inayotokea: kazi iliyoilisha nchi ndiyo iliyomfanya mtu asitambulike na nchi yake. Mwandishi wa tamthilia akitunga hivyo tungemwambia kejeli yake imezidi.

Simu kwa mkulima si mapambo. Ndiyo benki yake, ndiyo njia ya mtoto aliyeko Mbeya kutuma pesa ya mbolea. Tulichojifunza katika kisa hiki ni kwamba mtambo ukishindwa kusoma, mzigo humwangukia anayesomwa. Ni yeye anayerudi kesho, na kesho kutwa, kwa nauli yake. Mhakiki akishindwa kuelewa shairi hamwambii mshairi abadilishe vidole.

Nyuso

Mpaka hapa tumezungumza juu ya mtambo unaopima jambo dogo: mwendo, michirizi. Upo mwingine unaosema, "Huyu ni fulani," kwa kutazama uso tu. Jirani zetu wa Uganda wameuona. Mwaka 2019 Kampala ilikuwa ikiwekewa maelfu ya kamera zilizonunuliwa kwa kampuni ya Huawei ya China, kwa bei iliyotajwa kuwa dola milioni 126. Novemba 2020 mgombea urais Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, alikamatwa. Maandamano yakazuka, na watu wasiopungua 54 wakapoteza maisha. Baadaye polisi wenyewe walisema kamera hizo, pamoja na uwezo wake wa kutambua nyuso, zilisaidia kuwakamata washukiwa zaidi ya 800.

Hapa mhakiki makini lazima aulize: je, mtambo huu unajua kusoma nyuso zetu? Swali hili liliulizwa kisayansi mwaka 2018 na wanawake wawili, Joy Buolamwini, mwenye asili ya Ghana, na Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia. Walikusanya picha za wabunge 1,270 kutoka Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Finland, Iceland na Sweden, wakazipitisha kwenye programu za kampuni 3 kubwa. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi: sema kama huyu ni mwanamke au mwanamume. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifika asilimia 34.7. Yaani kwa kila wanawake 3 weusi, programu moja ilimkosea mmoja. Programu zimeboreshwa tangu hapo, na utafiti ule wenyewe ndio uliozisukuma. Lakini Januari 2020, karibu na Detroit, mwanamume mweusi alikamatwa nyumbani kwake mbele ya mkewe na watoto kwa sababu programu ililinganisha picha ya ukungu ya kamera ya duka na picha yake ya zamani ya leseni. Hakuwa yeye.

Kwa lugha yetu, mtambo ule ulikuwa mhakiki aliyesoma vitabu vya upande mmoja wa dunia, kisha akaitwa kuhukumu fasihi yote. Tunawajua wahakiki wa namna hiyo. Waliwahi kusema Kiswahili hakina riwaya. Tofauti ni kwamba wao waliishia kutuudhi, na huyu anaweza kukulaza rumande.

Nyumba ambayo haijaisha

Tukipenda haki tuseme pia kwamba si kila jicho la serikali lina rungu mkononi. Zanzibar, kuanzia 2016, Kamisheni ya Ardhi ilirusha ndege nyuki, yaani droni, ikapiga picha za Unguja na Pemba kutoka juu, vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakiwa miongoni mwa warushaji. Nia ilikuwa ramani nzuri: nani yuko wapi, maji yakijaa yanamfikia nani, barabara ipite wapi. Mwaka 2018 wataalamu wa nchi mbalimbali wakaalikwa kushindana kutengeneza programu ya kuzisoma picha hizo, ichore kila nyumba na kuipanga katika fungu lake. Mafungu yalikuwa 3: iliyokamilika, isiyokamilika, na msingi.

Sisi tunaweza kutabasamu hapa. Nchi hii nzima imejengwa kwa nyumba zisizokamilika. Mtu anakwambia kwa fahari, "Nimefika kwenye lenta," na mwaka unapita, miwili, mitano. Anahamia na mlango wa bati. Watoto wanazaliwa humo. Nyumba nyingine ni pagale kweli, mwenyewe alifariki, na ndugu wanagombana. Kutoka angani zote mbili ni kuta zisizo na paa. Ya kwanza ni tumaini, ya pili ni kesi. Programu inazipa jina moja.

Hatusemi kazi ile ni mbaya. Tunasema ina nafasi ya kusahihishwa, mradi atumwe mtu kwa miguu kwenda kugonga mlango. Mjumbe wa mtaa anazijua nyumba hizi moja moja. Ramani ya angani ikimwendea yeye kwanza kabla haijafanywa hukumu ya kodi au fidia, tumepata kitu kizuri kuliko vyote viwili peke yake. Ikimruka, mwenye nyumba atajikuta anabishana na karatasi ambayo hajui ilitoka wapi.

Kifua

Sasa tumfikie mhakiki ambaye, kwa maoni yetu, anakaribia kuistahili kazi yake. Yuko hospitalini.

Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba programu za kompyuta ziweze kutumika badala ya msomaji binadamu kusoma eksirei za kifua wakati wa kuwachuja wenye dalili za kifua kikuu, kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Sababu inaeleweka na kila aliyewahi kungoja jibu la eksirei mkoani: mashine ya kupiga picha inaweza kuwepo, lakini bingwa wa kuisoma yuko mbali. Programu mojawapo, iliyotengenezwa Uholanzi na kuitwa CAD4TB, ilipimwa pia kwa picha za wagonjwa wa Tanzania, na matokeo yalichapishwa mwaka 2014.

Inafanya nini? Inatazama picha ya mapafu na kutoa namba kati ya 0 na 100. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo shaka inavyokuwa kubwa. Pia inapaka rangi juu ya picha kuonesha ni sehemu gani ya pafu iliyoitia shaka. Simama hapo kidogo. Hiyo ni nukuu! Ni sawa na mhakiki kusema, "Ninasema hivi kwa sababu ya ukurasa huu, mstari huu." Daktari akiiona anaweza kusema, "Hapana, hilo ni kovu la zamani."

Halafu namba ile si hukumu. Mgonjwa mwenye namba kubwa anatoa makohozi, na makohozi yanapimwa kwa njia nyingine kabisa. Hakuna anayeanzishiwa dawa za miezi 6 kwa sababu kompyuta ilipata wasiwasi tu.

Na tatu, kuna kitu wanachokiita kizingiti. Namba ngapi inatosha kumpeleka mtu kwenye kipimo? 40? 60? Mtambo haujui. Wanaamua watu. Kizingiti kikiwa chini, watu wengi wazima watasumbuliwa na vipimo vitakwisha. Kikiwa juu, mgonjwa mmoja atarudishwa nyumbani na kuwakoholea wanawe. Huo ni uamuzi wa maadili, na programu nzuri za afya zinaujadili waziwazi, zinaupima mahali husika, zinaubadilisha. Kumbe kila mtambo tuliousema una kizingiti chake! Upo uamuzi wa mtu juu ya nyuso zifanane kiasi gani ndipo polisi wagonge mlango. Upo uamuzi juu ya kidole kisomeke kiasi gani ndipo laini isizimwe. Tofauti ni kwamba hospitalini wanatuambia kizingiti kipo. Kwingine tunaambiwa, "Mfumo umekataa." Mfumo! Kana kwamba mfumo ulijizaa wenyewe.

Siku sita za Karama

Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951. Karama anashtakiwa kwa kuanzisha elimu ya sheria, na mshitaki wake ni waziri Majivuno. Kusadikika ni nchi iliyojaa dhuluma, na wajumbe wake waliokwenda kutafuta mema walirudi wakafungwa. Lakini hata katika nchi ile mshtakiwa alipewa nafasi ya kusema. Karama anasimama siku sita anasimulia habari za wajumbe sita, na masimulizi yake ndiyo utetezi wake. Watawala wanalazimika kukaa na kusikiliza.

Tukisoma kitabu kile leo tunaona jambo ambalo hatukusisitiza darasani. Tulifundishwa dhamira: uongozi mbaya, dhuluma, elimu. Hatukufundishwa kutazama muda. Kitabu kizima kipo kwa sababu mshtakiwa alipewa muda. Mfupishe Karama awe picha moja na namba moja, na Kusadikika inakwisha ukurasa wa kwanza, Majivuno akiwa mshindi.

Tanzania tumetunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa tarehe 3 Aprili 2024. Picha ya uso na alama ya kidole ni taarifa binafsi. Sheria imegusa hata maamuzi yanayofanywa na mtambo peke yake, na kumpa mtu haki juu yake. Ina misamaha yake, hasa katika mambo ya usalama na jinai, na hapo ndipo nyuso zilipo. Tunaipokea sheria hiyo. Lakini tulikwisha kuona pale kwenye tochi kwamba haki yenye bei kubwa haitumiki. Mama wa Chanji ambaye kidole chake kimekataa hajui kuna Tume. Anajua dirisha, na kijana nyuma ya dirisha anayesema rudi kesho.

Kwa hiyo madai yetu ni madogo na ya karibu. Popote ambapo ofisi ya umma inasoma picha ya mtu na kuamua jambo juu yake, pale pale dirishani awepo mtu mwenye uwezo wa kubatilisha mtambo, si wa kuurudia tu. Aliyesomwa aoneshwe picha aliyosomewa, na aambiwe kwa Kiswahili kilichotiliwa shaka. Kizingiti kitangazwe, na jina la cheo cha aliyekiweka litajwe. Hayo ni masharti tunayowapa wanafunzi wa kidato cha tano wanapohakiki diwani. Serikali haitashindwa.

Na sisi vijana wa kalamu tuna sehemu yetu. Hadithi nyingi zinazoletwa kwenye vikao vyetu zikigusa kamera huifanya jini linaloona kila kitu. Hiyo ni kuikuza bure. Kamera haioni kila kitu. Inaona kidogo sana, na ndiyo hatari yake. Tuandike juu ya hicho isichokiona: kibao kilichofunikwa na majani, moshi wa jikoni, mpini uliokula kidole, ukuta uliofika kwenye lenta. Mkutano wa mtaa ujao hapa Chanji, kama kuna mradi wowote wa kupiga picha watu au nyumba zao, tunyooshe mkono tuulize nani atasoma picha hizo na tukipinga tumwendee nani. Jibu litakalotolewa liandikwe, liletwe hapa, tulihakiki.